Pikapu ya Mikate Iliyonuka Samaki

Niliacha kuosha magari mwezi uliopita kwa sababu magoti yangu yamekataa kuingia chini ya gari, na mwoshaji asiyeingia chini ya gari ni mpangusaji wa vioo tu. Vijana wa pale kazini walinifanyia chai na maandazi. Chai ilipokwisha mmoja akauliza, "Sasa mzee, zile hadithi zako za pikapu utaenda nazo nyumbani?" Ndiyo maana ninaandika. Sitaeleza jinsi nilivyopanda cheo, maana katika kazi yetu kupanda cheo ni kutoka kwenye tambara hadi kwenye mpira wa maji, na wengine wetu tulishuka tena.

Shule niliiacha mapema, kabla hatujafika kwenye hesabu za kugawanya. Sikukosa karo wala sikuugua. Siku moja basi liliharibika mbele ya shule yetu huko Maragoli, nami nikataka kuona ndani yake mna nini. Fundi alipomaliza kulitengeneza nilikuwa nimeshapanda, na niliteremka Kisumu. Baada ya hapo nilichuma majani ya chai Kericho, nikapalilia pareto Molo, nikabeba magunia Nakuru. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa mambo yanavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuwasha.

Nairobi niliingia miaka ya mwanzo ya Uhuru, nyuma ya pikapu ya viazi. Dereva alinibeba kwa sharti kwamba tukifika nimwoshee gari. Tulisimama kwenye kiwanja kidogo nyuma ya maduka ya River Road, karibu na mto, mahali ambapo wanaume kadhaa walikuwa wakiosha magari kwa ndoo. Niliiosha ile pikapu hadi ikang'aa. Nikarudi nyuma hatua chache kuitazama, nikajisifu kimoyomoyo.

Mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la makanika alinisogelea akiwa ameshika spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha. Aliiingiza katika ule upenyo mwembamba kati ya kabini na bodi, akaizungusha kidogo, akatoa donge la tope kubwa kama kiazi. Akaliweka juu ya boneti yangu iliyong'aa.

"Hii umemwachia nani?" aliuliza.

Huyo ndiye aliyekuwa Mzee Wekesa, Mbukusu wa upande wa Bungoma, na hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, ingawa mwenyewe sikujua kwamba nimeajiriwa. Nilipomweleza nilikotoka na nilikopitia alicheka. "Wewe si mfanyakazi, wewe ni mtalii," akasema. Jina hilo likanishika mpaka leo.

Mzee Wekesa aliosha gari kinyumenyume. Alianza na kisichoonekana. Mbele ya gari, alisema, kila mpita njia atakusaidia kuona uchafu, lakini nyuma ya kiti uko peke yako. Vifaa vyake vilikaa katika mkebe wa mafuta uliokatwa juu: spoku tatu zilizopindwa kila moja kwa namna yake, unyoya mrefu wa mkia wa jogoo kwa ajili ya vumbi la dashibodi, mswaki uliochakaa wa kusugulia bawaba, na kipande cha kioo kilichofungwa kwenye kijiti, cha kuchungulia chini bila kulala kwenye tope. Pia alikuwa na pampu ya baiskeli. Alipuliza nayo vumbi kutoka mahali ambapo kidole hakifiki, huku amefumba macho na kubana midomo. Mimi sikubana midomo mara ya kwanza. Nilikula vumbi la barabara ya Narok.

Pikapu ina mahali pengi pa kuficha vitu kuliko gari lolote nililowahi kuosha. Kuna madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, ambamo tope hukaa likila bati kwa siri. Kuna pembe za bodi, chini ya betri, na nyuma ya kiti, ambapo niliwahi kukuta yai la kuku likiwa zima. Mkulima mmoja wa Mutuini alituletea pikapu yake baada ya mvua ndefu, na ndani ya madigadi ya nyuma maharagwe yalikuwa yameota, yana majani manne manne. Niliponyoosha mkono kuyang'oa Mzee Wekesa alinizuia.

"Ngoja kwanza, muulize mwenyewe. Pengine ni shamba."

Mkulima aliinama akayatazama kwa muda. "Haya yameota vizuri kuliko yale ya nyumbani," akasema, akaondoka nayo yamefungwa kwenye gazeti.

Mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakuipindisha: mwoshaji haondoi kitu ambacho mwenye gari amekiweka. Kama amefunga waya, uache. Kama ameziba tundu, liache limezibwa. Na alijua sana habari za kuziba, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Wabeba nafaka walikuja azibe vitundu vya bodi ili mahindi yasimwagike njiani. Wabeba samaki, waliochukua masanduku stesheni ya reli, walikuja kwa sababu wenye maduka walichoka kuona maji ya samaki yakidondoka mbele ya milango yao. Mzee alichemsha lami katika kopo, akaimwaga, kisha akaigandamiza kwa kizibo cha soda. Kila tundu alilolifunga lilibaki na alama ya duara yenye meno meno. Alijivunia alama hiyo kama fundi cherehani anavyojivunia mshono wake.

Miaka ya sabini ilipoingia kiwanja cha River Road kilijengwa duka, tukahamia Ngong Road, karibu na kiwanja cha maonyesho cha Jamhuri. Huko kazi ilikuwa nzuri na hewa safi, isipokuwa wakati wa maonyesho ya kilimo, ambapo kila pikapu iliyopita ilikuwa imebeba fahali mwenye tuzo na tumbo bovu. Nilishangaa kwamba miguu yangu haikuwasha tena. Nadhani ni kwa sababu kila gari lilikuja na mahali lilikotoka, na mimi nilichungulia tu.

Hapo ndipo tulipoletewa pikapu ya Mutiso.

Mutiso alikuwa Mkamba wa upande wa Mwala, mpole, mwenye kuongea taratibu. Alikuwa ameacha udereva wa ofisini, akauza ng'ombe walioachwa na babake, akanunua pikapu kutoka kwa mtu mwingine hapa mjini. Mkewe, Mama Mbithe, ndiye aliyetafuta kazi ya kuifanya: kubeba mikate kutoka kwa mwoka mikate mmoja na kuisambaza katika maduka ya mitaa ya Woodley na Jamhuri. Kazi ilianza Jumatatu. Kufikia Alhamisi maduka yalikuwa yanarudisha mikate.

"Fundi," Mutiso alimwambia Mzee Wekesa, "hii gari imenishinda."

"Haijakushinda wewe, imeshinda mikate," alisema Mama Mbithe akiteremka. "Mzee, hii gari ilikuwa ya mtu wa samaki. Asubuhi haina neno. Jua likipanda, mkate unakuwa samaki. Mwenye duka wa Woodley ameniuliza kama siku hizi tunakanda unga na omena."

"Na mwoka mikate anasemaje?"

"Anasema mpaka Jumatatu. Mikate ikirudishwa Jumatatu, kuna mtu mwingine ana pikapu, na anangoja tu."

Mutiso alikuwa akitazama gurudumu. Ng'ombe wa babake walikuwa wamekwisha, na nafasi yake ya ofisini ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

"Mama," Mzee alisema, "hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nendeni mkanywe chai."

Tuliiosha kwa maji ya moto na magadi. Tuliisugua kwa jivu, tukaikamulia ndimu. Tulielekeza mpira wa maji kwenye kila bawaba na kila mshono, hasa kwenye mlango wa nyuma, ule unaoshushwa wakati wa kupakia, maana wabeba samaki huburuta masanduku juu yake. Jioni niliingiza kichwa chini ya turubai la bodi nikavuta pumzi. Palinuka ndimu tu.

Jumamosi asubuhi walirudi. Mama Mbithe alishuka kabla gari halijasimama vizuri, ameshika mkate mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Kula."

"Marahaba, mama. Nimeshakula."

"Kula tu, ni mkate wa kawaida."

Mzee alikata kipande akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji.

"Una chumvi kidogo," alisema.

"Hiyo si chumvi. Hiyo ni samaki, ni ngege. Jana wamerudisha kreti zote. Afadhali ilivyokuwa kabla hamjaiosha!"

Mzee alikuwa ameshachukua mpira wa maji. Sisi waoshaji tuna dawa moja, maji, na mgonjwa asipopona tunamwongezea dozi. Lakini maneno ya yule mama yalinikwama. Gari chafu likioshwa hubaki chafu, au huwa safi. Sikuwahi kuona gari linalochafuka kwa kuoshwa.

"Mzee, ngoja kidogo," nikasema.

"Nini tena, Mtalii?"

"Amesema imezidi baada ya kuosha."

"Basi tukiosha tena itapungua."

"Jana tulisema hivyohivyo."

"Jana hatukuosha. Tuliosha juzi." Lakini alifunga maji.

Nilimwomba Mutiso ashushe mlango wa nyuma, kisha aupandishe polepole. Aliposhusha nikasikia sauti ndogo, chwaa, kama kibuyu ambacho hakijajaa. Alipopandisha, chwaa tena.

"Hiyo ni petroli kwenye tangi," alisema Mzee.

"Hata mimi nilidhani ni petroli," alisema Mutiso.

Mama Mbithe aliwatazama wote wawili. "Tangi iko kwa mlango?"

Mlango wa nyuma wa pikapu ile haukuwa bati moja. Ulikuwa mabati mawili yaliyobanwa kingo, na katikati mna uwazi ambao mkono hauingii. Maji huingia kwa juu, kwenye mishono na kwenye matundu ya minyororo, na hutoka kwa chini, kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa na waliounda gari. Nilichukua kile kioo cha kijiti nikaingia chini. Vitundu vyote vya chini vilikuwa vimezibwa kwa lami. Na juu ya kila donge la lami palikuwa na alama ya duara yenye meno meno.

Nililala pale chini kwa muda. Nilisikia viatu vya Mama Mbithe vikienda na kurudi. Ningeweza kuchukua spoku, nikazibua, nikatoka na kusema nimekuta takataka. Lakini sheria haikuwa yangu, wala lami haikuwa yangu.

"Mzee," nikaita, "hebu njoo uone kitu."

Alilala ubavuni mwangu, magoti yake yakilia kama yangu yanavyolia leo. Nikamshikia kioo. Alitazama tundu la kwanza, la pili, mpaka la mwisho.

"Huyu aliziba vizuri," alisema kwa sauti ya chini.

"Vizuri sana, Mzee."

"Hata tone halitoki."

"Halitoki."

"Na sisi tunamwaga kwa juu."

"Tunamwaga kwa bidii."

"Nyinyi wawili," Mama Mbithe aliita, "mmelala huko?"

Nilidhani Mzee atanyamaza, maana mbele ya wateja alipenda kuonekana hana kosa. Alitoka chini ya gari, akajipangusa mikono kwenye koti, akasimama wima mbele ya yule mama aliyemfikia kifuani.

"Mama, huu mlango niliuziba mimi. Zamani, huko River Road, mtu wa samaki aliniomba. Maji yameingia humo, na tukiosha tunayaongezea. Jua likipiga bati, humo ndani panachemka kama sufuria."

Mama Mbithe aliutazama mlango, akamtazama Mzee.

"Basi zibua," akasema.

Tuliipasha spoku moto kwenye jiko la mama aliyeuza chai kando yetu, Mzee akaisukuma kwenye tundu la kwanza. Palitulia kidogo. Kisha yakatoka. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na magamba yakielea ndani yake kama vipande vya kucha, na harufu yake sitaieleza kwa kuwa huenda mtu anasoma akila. Mama wa chai alifunga dirisha la kibanda chake. Mutiso, mtu mpole, alivuka Ngong Road bila kutazama magari, akasimama ng'ambo akitokwa na machozi. Paka watatu ambao hatukuwahi kuwaona walitokea kwenye ua.

"Usicheke, Mtalii," Mzee aliniambia, naye akicheka.

Kutoa maji kulikuwa nusu ya kazi. Ndani ya mlango kulibaki utando uliogandamana na bati, na hapo vifaa vyetu viliishia. Spoku iliyofungwa tambara ilifika shubiri moja kisha ikagonga ukingo. Pampu ilipuliza harufu tu, ikaturudishia usoni. Tulikaa tukiutazama ule mlango. Ni Mutiso, aliyekuwa amerudi akiwa ameziba pua kwa kola ya shati, ndiye aliyesema.

"Mama yangu akiosha kibuyu cha maziwa, mkono wake hauingii. Anatia vijiwe na maji ya moto, anatikisa."

Mzee Wekesa aligeuka. "Hata mama yangu!"

"Hata yangu," nikasema mimi.

Tulifungua bawaba, tukautoa mlango mzima. Tukaziba vitundu kwa vijiti vilivyofungwa matambara, tukatia changarawe ndogo kupitia tundu la mnyororo, tukamimina maji ya moto yenye magadi. Mutiso akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukautikisa mlango wa pikapu kando ya Ngong Road kama wanawake wawili wenye kibuyu kimoja. Kelele yake ilikuwa kama mvua ya mawe. Watu waliotoka dukani walisimama kututazama. Mmoja akauliza ni ngoma ya kabila gani.

"Ya Wakamba na Waluhya," alimjibu Mama Mbithe. "Ukitaka kucheza, shika pembe ile."

Tulimwaga, tukatia tena, tukatikisa, tukamwaga, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha tukauning'iniza mlango kwenye ua, vitundu vikiangalia chini, jua likauoka mpaka jioni. Hatukuziba kitu tena.

Jumapili Mzee aliufunga tena mlango mahali pake, akaweka mkate mpya ndani ya bodi, akafunga turubai. Uliachwa humo saa zote za jua kali. Mama Mbithe alipopita alasiri akitoka kanisani alikuta tumeutoa tunaupokezana, kila mmoja akiunusa na kuapa kwamba ni mkate mtupu. Aliunyakua.

"Pua zenu siziamini," alisema. "Zimeshazoea." Akauingiza katika mkoba wake pamoja na Biblia, akaondoka bila kutuambia neno lolote.

Nawaambia nyinyi mlioshika mpira sasa, wenye mashine za kurusha maji kwa nguvu: kabla hujaingiza maji mahali, tafuta yatakapotokea. Gonga bati usikilize. Shusha mlango, uupandishe. Mwulize mwenye gari lilibeba nini kabla hajalinunua, na akikwambia, muulize mkewe pia. Niliosha magari kwa miaka mingi baada ya pikapu hiyo, nikaosha ya kila namna, lakini mambo haya sikuyajua vizuri kabla ya wiki ile.

Jumatatu sikuweza kungoja habari. Alfajiri nilikwenda kwa mwoka mikate, nikaomba kupanda nyuma, nishikilie turubai. Mama Mbithe alinusa kila kreti kabla ya kupakiwa. Tulipoondoka alisimamisha gari akashuka akanusa tena. Mutiso alimwambia tunachelewa, akamjibu kwamba waliofukuzwa kazi hawachelewi popote. Jua lilikuwa limeshapanda sana tulipofika Woodley, na bati la bodi lilikuwa limepata moto hata sikuweza kuliegemea.

Mwenye duka alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Mutiso alishusha mlango wa nyuma. Haukutoa sauti yoyote. Alibeba kreti ya kwanza mpaka kwenye kaunta, akaiweka chini, akarudi mbio garini kama mtu aliyewasha fataki. Mwenye duka aliinua mkate hadi puani. Akaugeuza upande wa pili, akanusa. Kisha akauweka kwenye rafu, akageuka akiwa amekunja uso.

"Nyinyi watu mnajua saa?" alifoka. "Watoto wameenda shule bila mkate! Mama zao wamekuja hapa mara mbili! Kesho mkileta saa hizi mtakula wenyewe!"

Mama Mbithe, ambaye hakuwahi kuachia mtu neno la mwisho, aliinamisha kichwa. "Pole sana, baba," alisema. "Kesho tutawahi."

Alirudi kwenye gari akitembea polepole, akapanda, akafunga mlango. Mutiso alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili bila kuwasha injini.

"Amesema nini?"

"Amelalamika juu ya saa," alisema mkewe. "Saa tu. Endesha, twende Jamhuri."